Misuli ya Miguu Kukaza Usiku: Je, Chanzo ni Upungufu wa Madini?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 61. Kwa miezi kadhaa sasa ninaamshwa usiku na shavu la mguu linalokaza hadi likawa gumu kabisa nikiligusa. Hutokea mara mbili au tatu kwa wiki, na asubuhi yake huamka nikichechemea. Nina shinikizo la damu na ninatumia haidroklorothiazaidi, ile dawa inayokojoza. Pia ninatumia omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, na huu ni mwaka wa tatu. Niliambiwa kwamba nimepungukiwa magnesiamu, nikanunua vidonge na kuvimeza kwa wiki sita bila kuona tofauti. Sasa jirani ananishauri niongeze vidonge vya kalsiamu na kula ndizi kila siku, na mume wangu anakumbuka kwamba zamani watu walipewa kwinini. Ni madini gani hasa yaliyopungua mwilini mwangu?

JIBU: Mama, shikamoo, na pole sana kwa usingizi unaokatizwa namna hiyo. Unauliza ni madini gani yaliyopungua, maana yake umekwisha kukubali kwamba yapo yaliyopungua, na hapo ndipo ninapoomba tuanzie. Wengi wa watu wa umri wako wanaobanwa na misuli usiku, wakipimwa damu, madini yao yote hukutwa katika kiwango cha kawaida. Upungufu wa madini ni sababu ya kweli ya tatizo hili, na kwako wewe kuna mambo mawili yanayonifanya niutilie shaka, lakini ni sababu ya wagonjwa wachache, na mara nyingi huja pamoja na dalili nyingine au na historia ya dawa au ugonjwa unaoyapoteza madini hayo. Mtu akianza kumeza vidonge kabla ya kujua kama amepungukiwa, na kama amepungukiwa, madini hayo yanapotelea wapi, huishia mahali ulipoishia wewe: wiki sita, fedha zimetumika, na mguu uko vilevile.

Msuli haujiamulii wenyewe kukaza. Hukaza pale seli ya neva iliyomo katika uti wa mgongo inapoupelekea amri ya umeme, na neva hiyo husikiliza taarifa za aina mbili zinazotoka mguuni. Vipokezi vilivyomo ndani ya msuli huichochea iendelee kutuma amri, na vipokezi vilivyomo katika kano, pale msuli unapojishikiza kwenye mfupa, huizuia. Hivi vya pili ndivyo breki ya msuli, na breki hiyo hushika vizuri kano inapovutwa. Kano ikilegea, nayo hulegea. Sasa uangalie mguu wako ulivyo kitandani. Ukilala chali chini ya shuka lililobanwa kwenye godoro, au ukilala kifudifudi, wayo huelekea chini na vidole hunyooka kama vya mtu anayesimama kwa ncha za miguu, kwa hiyo msuli wa shavu la mguu hukaa umefupika kwa saa nyingi huku kano ya kisigino ikiwa imelegea. Ukijinyoosha kidogo tu usingizini, msuli huo uliokwisha kufupika hupata amri ya kujifupisha zaidi, na neva huweza kuanza kutuma amri mfululizo bila kitu cha kuizuia. Hayo ndiyo maumivu yanayokuamsha. Unapovuta vidole kuelekea kwenye goti, maumivu huanza kuachia mara moja kwa sababu umeivuta kano na kuirudishia breki nguvu yake, na ni wazi kwamba katika muda huo mfupi hakuna chembe ya madini iliyoongezeka mguuni.

Umri nao huchangia. Kadiri miaka inavyosonga, baadhi ya neva zinazoendesha misuli ya miguu hupotea polepole, zilizobaki hulazimika kuhudumia nyuzi nyingi zaidi za msuli kuliko awali, na misuli pamoja na kano hupoteza unyumbufu kwa kuwa hazinyooshwi kama zamani. Ndiyo maana hali hii huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, na pia wajawazito katika miezi ya mwisho, ambao mwili wao hubadilika kwa namna nyingi kwa wakati mmoja.

Imani ya kwamba kila mkazo wa msuli ni upungufu wa madini haikuzuka bure. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa makaa ya mawe na watu waliochochea moto katika meli za mvuke walikuwa wakitoka jasho kwa saa nyingi kwenye joto kali, wakinywa maji matupu, kisha wakishikwa na mikazo mikali ya miguu, mikono na hata tumbo. Katika miaka ya 1920 ilionekana kwa wachimbaji wa Uingereza kwamba chumvi kidogo katika maji ya kunywa iliwasaidia. Ushahidi huo ni halali kwa watu wa namna hiyo, waliopoteza sodiamu nyingi kwa jasho na kurudisha maji peke yake. Kosa ni kuuchukua na kumbandika mtu aliyelala kitandani mwake, ambaye hakutoka jasho lolote. Hata kwa wanamichezo wenyewe wazo hilo limepata misukosuko. Martin Schwellnus na wenzake nchini Afrika Kusini walitoa mwaka 1997 hoja kwamba mkazo wa mwanariadha hutokana na uchovu wa msuli unaovuruga udhibiti wa neva, na baadaye walipopima damu za wakimbiaji wa mbio za kilomita 56, hawakuona kati ya waliobanwa na wasiobanwa tofauti ya madini yenye uzito wa kutosha kuyaeleza maumivu yao.

Jaribio moja la mwaka 2010 lililofanyika Marekani hunivutia kila ninapolifikiria. Watafiti waliwachokoza vijana wa kujitolea kwa umeme hadi msuli mdogo wa kidole gumba cha mguu ukakaza, kisha wakawapa ama maji ama maji ya achari ya matango, yale machachu yenye chumvi na siki. Waliokunywa maji ya achari waliachiwa mapema zaidi, kwa wastani ndani ya muda usiozidi dakika moja na nusu. Mtu angesema basi ni chumvi iliyowatibu, lakini katika muda huo kinywaji kilikuwa hakijafyonzwa kutoka tumboni, na muundo wa damu ulikuwa haujabadilika. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ule ukali uliochoma koo uliamsha neva za kinywani, nazo zikaituliza neva iliyokuwa ikiukaza msuli. Sikushauri ulale na chupa ya siki kando ya kitanda, hasa ukiwa na kiungulia. Nimelitaja jaribio hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata dawa yenye chumvi inaweza kufanya kazi kwa njia isiyohusu madini hata kidogo.

Nije sasa kwenye magnesiamu, maana ndiyo inayouzwa zaidi kwa watu wenye shida yako. Kazi yake katika jambo hili ni ya kweli: kwenye ncha ya neva huipunguzia kalsiamu nafasi ya kusukuma kemikali inayouamrisha msuli, kwa hiyo ikipungua sana, neva huwa nyepesi kuchokozeka. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu yake ikiwa kwenye mifupa na sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa ndani ya misuli na viungo vingine laini, na kiasi kisichofika asilimia 1 ndicho kinachoelea katika majimaji ya damu tunayoyapima. Wauzaji wa vidonge hupenda kuitumia hesabu hii wakisema kwamba kipimo kinaweza kuwa sawa huku mwili ukiwa umekauka. Kwamba kipimo cha damu kina upungufu huo ni kweli. Lakini kama upungufu uliojificha ndio ungekuwa chanzo cha mikazo ya usiku kwa watu wengi, basi wakipewa magnesiamu wangepona kwa wingi kuliko wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na hilo limekwisha kujaribiwa.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Israeli, ambamo watu wazima 94 waliokuwa wakibanwa na misuli usiku waligawanywa, wengine wakapewa oksaidi ya magnesiamu na wengine vidonge vilivyofanana nayo visivyo na dawa, kwa wiki nne. Waliopewa magnesiamu walipungukiwa na mikazo takriban mitatu kwa wiki. Waliopewa vidonge vitupu nao walipungukiwa na mikazo takriban mitatu kwa wiki. Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini kila mtu ana shangazi au rafiki anayeapa kwamba magnesiamu ilimponya, naye hasemi uongo. Mikazo hii huja kwa vipindi, ikazidi na kupungua yenyewe, na mtu hununua dawa katika wiki ile iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa hiyo lolote atakalolimeza wakati huo litasifiwa kwa nafuu ambayo ilikuwa njiani kuja. Mapitio ya shirika la Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio ya aina hii, yalifikia uamuzi kwamba kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei magnesiamu itawapa kinga yenye maana. Kwa wajawazito matokeo ya majaribio yamepingana.

Hayo yote yanahusu watu ambao hawakuthibitishwa kuwa wamepungukiwa. Aliyepungukiwa kweli ni mgonjwa wa namna nyingine. Kiwango cha magnesiamu katika damu kwa kawaida huwa kati ya takriban milimoli 0.7 na 1.0 kwa lita, na kikishuka sana mtu huwa na mambo mengi zaidi ya shavu la mguu: hutetemeka mikono, misuli huchezacheza, hukosa hamu ya kula, huishiwa nguvu, na moyo huweza kupiga bila mpangilio. Zaidi ya hapo, magnesiamu ikishuka mno huiburuta potasiamu na kalsiamu zishuke nayo, na hizo mbili hukataa kupanda hata mtu akizimeza, mpaka magnesiamu yenyewe irekebishwe kwanza.

Na sasa nikueleze yale mambo mawili niliyoyataja, kwa kuwa yote umeyaandika mwenyewe bila kuyatilia maanani. La kwanza ni omeprazoli. Dawa za jamii yake zikitumiwa kwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka mmoja, kwa baadhi ya watu huzuia utumbo kufyonza magnesiamu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu jambo hilo mwaka 2011, na katika taarifa zilizokusanywa wakati ule kulikuwa na wagonjwa ambao vidonge vya magnesiamu havikuwasaidia mpaka dawa yenyewe ilipoachishwa. La pili ni haidroklorothiazaidi, ambayo kazi yake ni kuzifanya figo zitoe chumvi na maji, na katika kufanya hivyo hutoa pia potasiamu na magnesiamu kupitia mkojo. Kwa hiyo unayo dawa moja inayoweza kuufunga mlango wa kuingilia na nyingine inayoupanua mlango wa kutokea. Katika hali hiyo siwezi kukuambia kwamba madini yako ni salama kwa kukuangalia kwa mbali, na wala aliyekuambia kwamba umepungukiwa magnesiamu hakuwa na haki ya kusema hivyo bila kukupima. Tafadhali usiache dawa yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wako. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni hatari kubwa kuliko mkazo wa mguu, na omeprazoli ikiachwa ghafla baada ya miaka mitatu, asidi huweza kurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa. Mwambie daktari anayekuandikia dawa, maana zipo dawa nyingine za shinikizo zisizokojoza, na kwa watu wengi kipimo cha omeprazoli huweza kupunguzwa hatua kwa hatua.

Potasiamu ndiyo inayofuata kwa umuhimu kwako. Takriban asilimia 98 ya potasiamu yote huwa ndani ya seli, na ile kidogo iliyo nje, milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita ya damu, ndiyo inayoshikilia utulivu wa umeme wa neva, msuli na moyo. Ikishuka chini ya 3.0 mtu huhisi udhaifu wa miguu anapopanda ngazi au kuinuka kitini, hupata choo kigumu na misuli hubana. Ikishuka zaidi, moyo uko hatarini. Ndizi ambazo jirani yako anazisifu hazina ubaya, ila uzito wake katika hesabu hii ni mdogo kuliko sifa zake. Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 400 za potasiamu, ilhali mwanamke mzima anakadiriwa kuhitaji takriban miligramu 2,600 kwa siku. Maharage, viazi na mboga za majani zina potasiamu nyingi pia na huja na magnesiamu juu yake. Potasiamu ya vidonge, au ile chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu, usiitumie bila kupimwa, kwa kuwa ikizidi husimamisha moyo sawasawa na inavyouvuruga ikipungua, na mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo huifikia hatari hiyo upesi.

Kuhusu kalsiamu, huo ndio ushauri wa jirani ambao ningeukataa moja kwa moja. Ni kweli kwamba kalsiamu ikipungua katika damu, misuli hukaza, ingawa sababu yake huwashangaza wengi: si kwamba msuli umekosa kalsiamu ya kufanyia kazi, kwa kuwa una akiba yake, bali kalsiamu iliyo nje ya neva ndiyo inayoituliza isifyatuke ovyo. Mkazo wa namna hii una sura yake. Huanza na ganzi au kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha mikono yote miwili hujikunja, vidole vikikutana kwa mbele na kidole gumba kikiingia kiganjani, na nyayo nazo hujipinda. Huwapata watu waliofanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo na kuguswa tezi ndogo za parathiroidi zilizo nyuma yake, zinazodhibiti kalsiamu ya damu, wenye upungufu mkubwa wa vitamini D, na wenye figo zilizochoka. Hata anayepumua haraka mno kwa hofu huweza kuipata picha hiyohiyo kwa muda, ingawa kalsiamu yake yote iko palepale, kwa kuwa asidi ya damu imebadilika. Shavu moja la mguu linalokaza usiku, bila ganzi ya midomo wala mikono, halifanani na hayo. Tena haidroklorothiazaidi, ambayo hutupa potasiamu na magnesiamu, kalsiamu huibakiza: huzifanya figo zitoe kidogo kuliko kawaida. Ukijiongezea vidonge vya kalsiamu juu yake, hasa kwa wingi na pamoja na vitamini D, unaweza kuipandisha kupita kiasi, ukaishia na kiu isiyoisha, choo kigumu, kichefuchefu na akili kuchanganyikiwa.

Sodiamu sitaikalia. Kwa asiyefanya kazi nzito juani na asiyeharisha wala kutapika, mkazo wa usiku si wito wa kuongeza chumvi, na kwako mwenye shinikizo la damu hilo ni la kuepuka. Anayeharisha sana na miguu yake ikaanza kubana anahitaji maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, yale ya paketi zinazofuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani, wala si maji matupu. Nikumbushe tu kwamba dawa yako inaweza kuishusha sodiamu ya damu kwa watu wa umri wako, hasa wanawake, kwa hiyo nayo ipimwe pamoja na nyingine.

Yapo pia madini ya chuma, ambayo hutajwa hapa kwa sababu ya mkanganyiko. Kuna watu wanaosema miguu inawabana usiku, lakini ukiwauliza vizuri wanaeleza hamu isiyozuilika ya kuichezesha miguu, kama kitu kinatambaa ndani yake, inayoanza jioni wakiwa wametulia na kupoa wakisimama na kutembea. Msuli wao haujawa mgumu wala asubuhi haubaki na maumivu. Hiyo ni hali ya miguu kukosa utulivu, na uhusiano wake na upungufu wa chuma unajulikana vyema. Kwao hupimwa feritini, ambayo ni kipimo cha akiba ya chuma, na matibabu ya chuma hufikiriwa hata akiba ikiwa katika kiwango ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa cha kawaida. Wewe umesema msuli unakuwa mgumu na unachechemea asubuhi, kwa hiyo sidhani kwamba ndilo tatizo lako.

Kwa hiyo, ukienda kwa daktari, omba upimwe potasiamu, sodiamu, magnesiamu, kalsiamu pamoja na albumini, ile protini ya damu inayoibeba kalsiamu, kreatinini kwa ajili ya figo, na sukari, kwa kuwa kisukari hudhuru neva za miguu kimyakimya kabla mtu hajajijua. Magnesiamu usisahau kuitaja kwa jina lake, maana katika maabara nyingi haimo katika kundi la vipimo vya kawaida vya chumvi za damu, na mtu anaweza kuambiwa madini yake yote ni mazuri ilhali hiyo haikuguswa. Mwambie pia kwamba umekuwa ukimeza vidonge vya magnesiamu, tangu lini na vya miligramu ngapi, asije akakisoma kipimo kilichokwisha kubadilishwa na vidonge hivyo. Ikiwa unatumia dawa nyingine ambazo hukuziandika, zitaje zote: dawa za kushusha lehemu za jamii ya statini, na zile za kuvuta za pumu zinazofanya kazi kwa muda mrefu, zote zimehusishwa na misuli kubana, na hizi za pumu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Mambo kadhaa yangenifanya nisikusubirishe. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hapo unahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Shavu la mguu likiuma kila unapotembea umbali fulani na kuacha ukisimama, shaka ni juu ya mishipa ya damu iliyosinyaa, wala hiyo siyo mikazo ya usiku. Udhaifu unaoongezeka, msuli unaokonda, mikazo inayopanda hadi mapajani, mikononi na mgongoni, au mkojo kuwa na rangi ya kahawia kwa mtu anayetumia statini, hayo nayo hayangoji. Magonjwa ya ini, ya tezi ya thiroidi na ya uti wa mgongo kiunoni, pamoja na usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa, huleta mikazo pia, ila kwa kawaida mwenye magonjwa hayo huwa na malalamiko mengine kabla ya huu.

Kwa usiku wa leo, mkazo ukikushika, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko, kwa mkono au kwa taulo ulilolizungusha kwenye wayo, na ushikilie hadi uachie. Ukiweza kusimama salama, kanyaga chini kwa wayo wote na uegemee mbele taratibu. Usiulazimishe kwa nguvu za ghafla, maana msuli ulio katika hali hiyo huchanika nyuzi kwa urahisi. Kisha anza zoezi la kila jioni kabla ya kulala: simama mbele ya ukuta kwa umbali wa mkono, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma kisigino kikiwa chini na goti limenyooka, kisha egemea mpaka uhisi shavu la mguu likivutika bila kuuma, uhesabu polepole hadi 10, upumzike, urudie mara tatu, halafu mguu wa pili. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2012, watu 80 waliovuka miaka 55 waligawanywa, na waliojinyoosha misuli ya miguu kila usiku kwa wiki sita walipungukiwa na mikazo kuliko ambao hawakufanya hivyo. Jaribio jingine la Uingereza la miaka ya nyuma yake halikuona faida, kwa hiyo sikuahidi uponyaji, lakini zoezi hili halina gharama wala madhara ukilifanya kwa uangalifu, na ndilo ambalo ningemwanzishia mtu wa kwangu. Legeza pia shuka upande wa miguuni lisiushindilie wayo chini.

Mwaka 2024 yalitoka China matokeo ya jaribio la watu 199 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, ambamo vitamini K2 ya mikrogramu 180 kwa siku kwa wiki nane iliipunguza mikazo ya usiku kuliko vidonge vitupu. Ni habari njema inayostahili kurudiwa na watafiti wengine kabla ya kuifanya desturi, na anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse, kwa kuwa vitamini K huifuta kazi ya dawa hiyo.

Na kwinini anayoikumbuka mume wako: kumbukumbu yake ni sahihi, ilitolewa kwa wingi, na hupunguza mikazo kwa kiasi. Hata hivyo Marekani ilizuia mwaka 1994 isiuzwe bila cheti cha daktari kwa ajili ya miguu, na mwaka 2010 mamlaka ileile ikaonya tena dhidi ya kuitumia kwa kazi hiyo, kwa sababu kwa baadhi ya watu huangamiza chembe za kugandisha damu, huharibu figo au huvuruga mapigo ya moyo, na hakuna njia ya kumtambua mapema atakayedhurika. Moyo ambao huenda una potasiamu na magnesiamu pungufu, kama tunavyoushuku wako mpaka vipimo viseme vinginevyo, ndio hasa usiopaswa kupewa kwinini. Vipimo vikitoka na magnesiamu au potasiamu ikaonekana imeshuka, tatizo lako litakuwa na jina na tiba, nayo itaanza kwa kubadilisha dawa inayoipoteza. Vikitoka vyote vizuri, viache vidonge vya magnesiamu bila hofu, na uendelee na zoezi la ukutani kwa wiki sita kamili kabla ya kuamua kama linakufaa.